Mkeka Mbele ya Dubwi

Ukindu unaochemshwa na rangi una harufu yake, na sijaikuta mahali pengine popote. Nusu ni majani yaliyopigwa na mvua, nusu ni ukali unaokwaruza koo, kama nguo mpya iliyolowekwa kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya uani kwetu, katika nyumba ya vyumba sita, mitaa michache tu kutoka soko la Kariakoo, ambako mama yangu alipika rangi kwenye sufuria iliyokwisha kustaafu mapishi. Mama alikuwa mtu wa Lindi. Ndugu zake walimtumia ukindu kwa basi, umefungwa matita, naye akauchana, akauchemsha, akauanika, kisha akaketi kusuka ukili mrefu uliojikunja pembeni yake kama nyoka aliyeshiba. Ukili ukitosha, aliushona ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa mpaka ukawa mkeka. Wapangaji wenzetu walinung'unika kwamba wali wao unanukia mkeka. Mama aliwajibu kwamba kwao Lindi mtu akisema hivyo huwa anasifia.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Aya hiyo hapo juu nimeiandika na kuifuta mara nyingi, nikiogopa kwamba yupo mtu wa Lindi atakayesema rangi haipikwi hivyo. Sikusomea uandishi, wala kazi ninayoifanya leo sikuisomea. Vyote nimejifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akisubiri kukamatwa. Lakini lipo jambo moja la utotoni ambalo silionei wasiwasi hata kidogo, na ndilo ninalotaka kulisimulia: jinsi watu wazima walivyouazima mkono wangu kuchezea kamari, na jinsi mama yangu alivyoudai urudishwe.

Masika ya mwaka ule nilikuwa darasa la nne. Mvua ilinyesha kwa ukaidi, asubuhi na jioni, kama mtu anayegombana na jiji. Jangwani kulijaa maji, barabara ikafungwa, na watu waliokuwa wanakwenda upande wa pili wakabaki mjini wakihama kutoka baraza moja hadi jingine kusubiri maji yapungue. Baraza letu lilipendwa kwa sababu lilikuwa refu na bati lake lilijitokeza mbele vizuri. Chumba cha mwanzo, kinachotazama barabara, alikipanga mwenye duka, naye tulimwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka ya mtaani wote, wawe wa Kilimanjaro au wasiwe. Kwake tulinunua mafuta ya taa, chumvi, viberiti na pipi. Siku moja nilirudi shule, soksi zimelowa, nikakuta kando ya mlango wa duka limesimama sanduku refu la bati lenye kioo, linawakawaka na kuimba wimbo mfupi usiokwisha. Wakubwa waliliita dubwi. Sisi watoto hatukuona haja ya kuambiwa jina. Lilikuwa na picha za tikiti, chungwa, tufaha, kengele na nyota. Lilikuwa na taa za rangi. Lilikuwa na vitufe vikubwa vilivyokaa sawa na urefu wa kifua changu. Kila kitu chake kilituambia kwamba kililetwa kwa ajili yetu. Juu kabisa, mahali ambapo hata Mangi alilazimika kuinua shingo, palibandikwa karatasi isemayo watoto hawaruhusiwi.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi, na urahisi huo ndio ubaya wake. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza picha unayoipenda, taa inaanza kuzunguka kutoka picha hadi picha, mbio mbio, kisha inachoka, inakokota miguu, inasimama. Ikisimama kwenye picha yako, sarafu zinamwagika chini kwa kelele inayosikika hadi uani. Mara nyingi ilisimama jirani na picha yako. Mtu akichagua kengele, taa ingesimama kwenye nyota iliyo pembeni ya kengele, na baraza zima lingeguna kwa pamoja, "Aaah, kidogo tu!" Nimeishi na neno hilo maisha yangu yote. Kidogo tu. Hata leo nikitengeneza kitu, kikawa kizuri, moyo wangu unaguna vilevile.

Aliyeniita mara ya kwanza ni Anko Side, mvuta mkokoteni wa sokoni, mtu mchangamfu aliyekuwa akitubebea ukindu wa mama kutoka kituo cha basi na kukataa nusu ya malipo. Siku hiyo mvua ilikuwa imemkatia kazi, na dubwi lilikuwa limemnyang'anya kidogo alichokuwa nacho. Akaniona napita na begi.

"Rehema, njoo mwanangu. Hebu nisaidie kitu kimoja. Unapenda tikiti au kengele?"

"Tikiti," nilisema, kwa sababu nilikuwa na njaa.

"Basi bonyeza tikiti. Mkono wa mtoto hauna dhambi."

Nilibonyeza. Taa ikazunguka, ikachoka, ikasimama juu ya tikiti kana kwamba ilikuwa imetumwa kwake. Sarafu zilipoanza kumwagika, Anko Side alininyanyua juu, begi na soksi zangu za maji na vyote, na wanaume waliokuwa wamejikinga mvua walishangilia kama mpira umeingia wavuni. Mtu akasema, "Huyu ni Mkono wa Heri!" Mangi akanipa biskuti. Nilikuwa mtoto ambaye darasani niliandika jina langu kwa rula. Mtoto ambaye mwalimu akisahau kunipigia tiki nililala na huzuni. Hakuna aliyewahi kuninyanyua juu kwa sababu ya kitu nilichofanya. Siku iliyofuata nilipita barazani polepole.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja, kwa sababu wasioishi mitaa yetu wanaweza kudhani mama alikuwa mzembe. Kwetu, mtoto hutumwa na mtu mzima yeyote. Jirani akikuona umesimama, anakuita, "Nenda kanichukulie chumvi," na unakwenda, hata kama humjui vizuri, na ukikataa, habari inafika nyumbani kabla yako. Ni desturi nzuri. Imenilea. Lakini wanaume wale waliitumia hiyohiyo. Kwao, kuniita nibonyeze kitufe kulikuwa sawa na kunituma chumvi, na mimi kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Nilibonyeza kwa heshima zote. Nilisema shikamoo kwanza.

Kwa muda niliwashindia, au ilionekana hivyo, maana hakuna aliyekumbuka nilipokosa. Kisha nikaanza kukosa kwa namna iliyokumbukwa. Anko Side alikuwa anatania tu, sina shaka, aliposema, "Leo mkono huu umeshika nini? Umekula dagaa hujanawa?" Mwingine akadakia, "Umeingia nuksi huo, kauoshe." Watu wazima walicheka. Mimi nilikwenda kuuosha. Niliuosha kwa sabuni ya mche, nikaona haitoshi, nikaongeza majivu ya jikoni, nikachukua na stiliwaya ya kusugulia masufuria. Nilifanya hivyo kila nilipotoka shule, kabla ya kupita barazani, na nilipokosa tena nilijua ni kwa sababu sikusugua vya kutosha kati ya vidole. Nilianza kuangalia taa kwa makini, nikitafuta mpangilio wake, nikiamini kwamba kila kitu kina kanuni na aliye makini huipata. Niliota matikiti. Ngozi ya mkono wa kulia ilipasuka, ikawa inatoa vijimistari vya damu kwenye daftari la hesabu.

Nikisimulia haya, wapo wanaosubiri nifike mahali pa kutubu. Mtu mmoja aliniambia waziwazi, "Kwa hiyo ulianza kamari mapema, dada." Hapana. Nakataa. Mtoto wa miaka tisa hachezi kamari, anachezewa. Bandu bandu huisha gogo, wanasema, lakini gogo halijibandui lenyewe. Nimejilaumu kwa mambo mengi madogo ya kijinga, hata kwa koma niliyoikosea kwenye kadi ya harusi ya mtu. Hili sijilaumu, na sitamruhusu mwingine anilaumu kwa niaba yangu.

Mama aliiona ngozi ile akadhani ni rangi. Alinikataza kugusa ukindu, akanipaka mafuta ya nazi, akanifunga kitambaa. Ngozi haikupona, naye akabadilisha rangi, akamgombeza aliyemuuzia. Siku moja, alasiri, tukiwa uani, kijana mmoja ambaye jina lake silikumbuki alichungulia kutoka koridoni. Alikuwa na adabu kabisa.

"Mama Rehema, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Samahani. Tulikuwa tunaomba utuazime Rehema kidogo."

"Mna jambo gani naye?"

"Kubonyeza tu, mama. Dakika moja, tunamrudisha."

Mama aliuliza kubonyeza nini, na kijana akamweleza bila kuficha lolote, kama mtu anayeazima kinu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alinigeukia, akakifungua kitambaa, akaugeuza mkono wangu juu chini, chini juu, akauliza kwa sauti ndogo, "Unauosha kwa ajili yao?" Nikatikisa kichwa kukubali. Sikupigwa. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na kutopigwa kuliniogopesha zaidi. Alimwambia kijana, "Mkono huu hauazimwi. Waambie wenzako umekwisha kurudi kwa mwenyewe." Akafunga kanga yake vizuri, akaenda mbele.

Kwa Mangi alijibiwa kwamba karatasi ya makatazo ipo, na kwamba yeye anauza duka, halei watoto wa watu. Akaongeza methali, kama wanavyofanya watu wasio na hoja: "Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, na uchungu wa neno lile ninao mpaka leo. Mama alinifunza. Ulimwengu ndio uliohamia barazani kwetu, ukachomeka waya kwenye umeme wetu na kuanza kuimba. Kwa mwenye nyumba, Mzee Mbaruku, ambaye alikuja kukagua mapaa yanayovuja, alijibiwa kwamba dubwi linamlipa kwa nafasi linayosimama, na kama mtu hapendi, mji ni mkubwa. Kwa mjumbe wa mtaa aliambiwa litaangaliwa. Baba alikuwa utingo wa lori la mizigo la kusini, na masika ile lilikwama njiani; kwenye simu alisema tu, "Fanya utakavyoona, mama Rehema, mimi niko kwenye matope." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama hakuwa na saruji wala ukuta. Alikuwa na mikeka.

Asubuhi ya pili yake alihamisha kazi yake kutoka uani. Alichukua mkeka mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, wenye mistari ya zambarau na kijani, akautandika barazani mbele ya dubwi, ukingo wake ukigusa miguu ya lile sanduku na ukingo wa pili ukifika ngazi. Akaketi katikati, akanyoosha miguu, akaanza kusuka ukili. Hakumzuia mtu. Hakutamka neno la dini, ingawa alikuwa mtu wa swala tano. Mtu aliyetaka kucheza angeweza kupita. Ila kwetu hakuna mtu, mlevi wala mwenye akili timamu, anayekanyaga mkeka wa mtu na viatu, na mwenye mkeka amekaa juu yake, na ni mwanamke, na ni mama wa mtu. Na ilikuwa masika. Aliyevua viatu alitoa miguu yenye tope la Kariakoo nzima.

Anko Side ndiye aliyefika wa kwanza. Alisimama kwenye ngazi, akajikuna shingo.

"Mama Rehema, nipishe nigonge mara moja tu."

"Pita, shemeji. Nimekuzuia? Vua viatu."

Aliitazama miguu yake. "Unanifanya kama naingia msikitini."

"Msikitini unakwenda na udhu. Huku unakwenda na tope."

"Sasa nikivua viatu watu si watanicheka?"

"Watakuona, ndiyo. Ulikuwa hutaki waone?"

Baraza zima likacheka, naye akacheka, akaketi kwenye ngazi na viatu vyake. Hilo ndilo mama alilolijua na Mangi hakulijua: mtu hucheza dubwi kwa kupitapita, kama anayejikuna, na ukimlazimisha asimame, ainame, afungue kamba, avue, apanguse miguu kwenye suruali, avuke mbele ya mama wa watu, anapata muda wa kujiona. Wachache walivua. Mmoja alivuka kwa ncha za vidole, akatumbukiza sarafu yake, akakosa, akarudi akiwa ameshika viatu mkononi, na mama akamwambia pole kwa sauti ya kweli kabisa. Hakurudi. Siku zilizofuata wapangaji wanawake walianza kuja kukaa naye, mmoja akichambua mchele, mwingine akimsuka mwenzake nywele, na mimi nikitoka shule nilikaa hapo nikifanya hesabu zangu nimeupa mgongo ule muziki.

Maadamu sasa alikaa mbele ya barabara, mama aliona heri auze. Aliniambia niandike bango. Nilitafuta kipande cha boksi, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika kwa makini kuliko nilivyowahi kuandika kitu: MIKEKA IPO. Bango hilo lilikaa nje asubuhi moja tu kabla ya vijana wawili kusimama mbele yake, mmoja amemshika mwenzake bega.

"Shikamoo, mama. Mikeka ya leo ipo?"

"Marahaba. Ipo ya leo, ipo ya juzi. Ya juzi imekauka vizuri zaidi."

Wakatazamana. "Una timu ngapi?"

"Hauna timu, mwanangu. Una kili kumi."

"Kumi! Na una uhakika hauchaniki?"

Mama aliona kazi yake imetiliwa shaka. "Mkeka wangu? Ukichanika urudishe hapahapa, nakupa mwingine bure."

"Oya, umesikia?" kijana alimwambia mwenzake, macho yamemtoka. "Ukichanika anarudishia! Mama huyu ni hatari."

Mangi alicheka mpaka akashika mlango wa duka. Ni yeye aliyemfafanulia mama kwamba siku hizi mkeka ni karatasi ya kubashiria mechi, orodha ya timu unazozitabiri, na timu moja tu ikikuangusha wanasema mkeka umechanika. Vijana wale walikuwa wakitafuta mtu wa kuwauzia ubashiri. Mama hakucheka. Aliuliza maswali mawili matatu, akasuka kwa muda mrefu. Sisi huzaliwa juu ya mkeka. Huolewa juu yake, huswali juu yake, hukalia matanga juu yake, na nilimwona akipitisha kiganja juu ya mistari ya zambarau kama anayempoza mtoto aliyetukanwa. Mangi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamshauri, "Andika majamvi basi, mama, wasikusumbue."

"Jamvi ni jamvi na mkeka ni mkeka," mama alimjibu. "Wao waliokuja jana ndio watafute neno lao."

Bango likabaki. Kila siku walikuja watafuta ubashiri, na kila siku aliwauliza wanataka wa kulalia au wa kuswalia. Baadhi walinunua kweli, kwa aibu. Nadhani hakuna duka la mikeka mjini lililowahi kuwa na wateja wa ajabu namna ile.

Mzee Mbaruku alikuja tena, safari hii hakuangalia paa. Alisimama chini ya ngazi na mwavuli wake, na sote tulijua amekuja kufanya nini, na kwamba chumba chetu ndicho kilichokuwa kwenye mizani.

"Mama Rehema, unanifukuzia riziki."

"Shikamoo, mzee. Mimi nimekaa tu. Baraza si la kukaa?"

"Baraza ni langu."

"Ni lako, mzee wangu. Na mimi mpangaji wako. Nikakae kwa nani?"

"Usinichezee kwa maneno. Mwezi ukiisha, nipe chumba changu."

Nilitaka mama aombe radhi. Nakiri hilo, nilitaka aukunje ule mkeka mara moja, turudi uani, niahidi mbele ya wote kwamba sitasogelea dubwi tena. Mama alivuta ukindu, akaukaza ukili kwa kidole gumba.

"Nitakupa, mzee. Lakini mwezi haujaisha."

Akaendelea kukaa. Alikaa mvua ilipoingia barazani kwa upepo, akasogeza tu kazi yake. Mwenye funguo za dubwi, kijana aliyekuja na pikipiki kumwaga sarafu kutoka tumboni mwake, alianza kuondoka na mfuko mwepesi. Siku moja aliuliza kulikoni, na Mangi akamwelekeza kwa midomo. Kijana alifika ukingoni mwa mkeka, mguu ukiwa hewani, akasita. Akainama, akafungua viatu vyake, akavuka na soksi kwenda kufungua mashine yake mwenyewe. Alipomaliza alisema, "Pole na kazi, mama." Mwezi ulikuwa bado haujaisha alipokuja kuliondoa. Aliukodi mkokoteni wa Anko Side, na lile sanduku likalazwa chali, kimya, waya umezungushiwa tumboni. "Leo nalibeba mimi," Anko Side alisema akifunga kamba. "Nimelibeba muda mrefu, ila leo nalipwa."

Mzee Mbaruku hakubadili neno lake. Mwezi ulipoisha tulihama, tukapata chumba kidogo upande wa Mchikichini, kisicho na baraza wala ua wa kupikia rangi. Mama alisukia kitandani. Na dubwi halikwenda mbali. Tulisikia limepandwa mtaa mwingine, karibu na mahali watoto wanaposomea masomo ya ziada. Kwa hiyo huwa naulizwa mama yangu alishinda nini. Watu hupenda kuuliza hivyo wakiwa wamekaa vizuri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu mmoja, bila cheo, bila mjumbe, bila mume mjini, aliliondoa. Kama kila baraza lingekuwa na mtu wa namna hiyo, lingepandwa wapi? Mkono wangu ulipona masika ile ile. Makovu madogo yapo kati ya vidole, na mtu akiniuliza humwambia kweli.

Mama sasa macho yamepungua nguvu, hasuki tena. Nikimweleza mambo ya leo, hukunja uso akitafuta mahali pa kuyashika. Kwa maana dubwi lile lilikuwa na miguu; lilisimama mahali, lilihitaji umeme, mtu aliweza kukaa mbele yake. La leo limo ndani ya simu, linakaa mfukoni mwa baba, linapanda kitandani na mtoto, linaimba kwa sauti ndogo chini ya shuka. Halina mbele wala nyuma. Mama aliwahi kuniuliza, kwa dhati, "Sasa mtu anatandika wapi?"

Nina meza yangu katika korido ya jengo la ghorofa Kariakoo, kompyuta na printa, natengeneza kadi na mabango. Juzi alikuja mteja anayetaka kadi za harusi ya mdogo wake, kazi kubwa, amefuatana na binti yake mwenye sare za shule, labda darasa la pili. Nilikuwa napanga majina ya maharusi, nikiyasogeza nywele moja kulia, nywele moja kushoto, kama kawaida yangu. Yule baba akatoa simu, akafungua mchezo wa kamari. "Haya mama, nibonyezee. Wewe ndiye mwenye bahati." Mtoto alibonyeza kwa kidole gumba bila hata kuangalia, kama mtu afanyaye kazi aliyoizoea. Simu ikatoa mlio wa kushuka. Baba akacheka, "Aa, leo mkono wako vipi?" Na mtoto akafuta kidole chake kwenye sketi.

Niliacha kadi.

"Kaka, usimwambie hivyo. Mkono wake hauna kosa."

"Unasemaje?"

"Na usimpe tena hiyo simu abonyeze. Cheza mwenyewe."

"Dada, wewe tengeneza kadi. Mtoto ni wangu."

"Ni wako. Ndiyo maana nakwambia wewe. Kadi sigusi."

Sauti yangu ilipanda juu kuliko nilivyokusudia, ikapasuka mwishoni. Muuza mawigi wa meza ya pili akasimamisha kuchana. Yule baba alinitazama akiamua kama mimi ni mwendawazimu, akasema wanaotengeneza kadi wamejaa Kariakoo nzima, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Mtoto aligeuza kichwa akaniangalia mpaka walipofika kwenye ngazi.

Nikaanza, kama ilivyo tabia yangu, kuyapanga upya maneno: ningeanza kwa upole, ningemwita pembeni, ningesema kitu chenye busara ambacho angekikumbuka. Kisha nikaacha. Yule mtoto aliyasikia kama yalivyotoka, na hayo ndiyo yaliyokuwapo. Muuza mawigi akaniambia, "Umepoteza mteja, dada." Nikamwambia ndiyo, nimempoteza, na kesho akija mwingine wa namna hiyo, nitampoteza naye.